Paipu ya Breki Niliyoifunga kwa Mama Rukia

Mgongo wangu ndio ulionistaafisha. Nilitumia miaka thelathini na mitatu chini ya magari ya watu hapa Machakos, na siku moja nililala chini ya pikapu nikashindwa kuinuka, ikabidi mwenye gari anivute kwa miguu kama gunia. Siku hiyo nilikunja spana zangu.

Nyinyi vijana mnaosomea ufundi huwa mnanijia nyumbani mkitaka niwaambie siri za kazi. Siri hakuna. Kuna mambo mengi niliyoyafanya vizuri, na mengi ya hayo nimeyasahau. Kuna moja nililolifanya vibaya, na hilo likinijia nikiwa nakula, mkono husimama kabla haujafika mdomoni. Ni hilo nitakalowaambia.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu za mkono hazijatufikia. Nilikuwa gerejini mchana, nimelala chini ya gari, nikasikia pikapu imesimama nje. Mtu akauliza fundi aliyetengeneza lori la Mama Rukia jana yake ni yupi. Nilitoka haraka nikijifuta mikono. Nilidhani nimeletewa kazi. Nikamwambia ni mimi, tena nilimwambia kwa kujivuna, kiganja kifuani.

Yule mtu akanieleza kwamba lile lori limegonga ukingo kwenye mteremko wa barabara ya Mwala, na kwamba watu waliokuwa hapo wanasema lilikuja bila breki.

Kiganja changu kilikuwa bado kifuani. Nilikiona kama kiganja cha mtu mwingine.

Sasa niwaambie Mama Rukia alikuwa nani. Alikuwa mjane, mama wa makamo, wa zile familia za Waislamu zilizokaa mjini hapa tangu zamani. Babu yake alitoka pwani akaja na biashara, akaoa kwetu, hakurudi. Kwa hiyo Mama Rukia alizungumza Kiswahili kilichonyooka, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wangu. Mumewe alipofariki alimwachia lori kuukuu, la kizamani, lenye pua ndefu. Ndugu za marehemu walimshauri aliuze. Yeye akajifunza kuliendesha. Akawa anakwenda masoko ya Mwala na Muthetheni kuchukua mbuzi, anawaleta mjini. Mwanamke wa buibui juu ya usukani ule mkubwa. Watu walizoea, lakini iliwachukua muda.

Siku moja kabla ya hiyo ajali alimtuma mtu aniite nyumbani kwake. Pedali ya breki ilikuwa imeanza kuzama, na alikataa kulileta lori gerejini kwa sababu hiyo hiyo. Hapo alifanya jambo la akili. Gari lenye breki mbovu halipelekwi kwa fundi; fundi ndiye anayelifuata.

Nilikuta lori limesimama uani, karibu na tangi la maji. Nikaingia chini. Mafuta ya breki hujificha. Yanatoka hapa, yanatembea kando ya chuma, yanadondoka kule. Usilaumu mahali unapoona tone. Fuata unyevu kurudi nyuma mpaka ufike mahali pakavu, na hapo kabla ya pakavu ndipo penye kidonda. Nilifuata nikakipata. Paipu ndefu inayokwenda magurudumu ya nyuma ilikuwa imesuguana na fremu. Klipu iliyokuwa ikiishika ilikatika zamani, paipu ikawa inacheza, na miaka ikaitafuna mpaka ikatoboka tundu dogo kama la sindano.

Mpaka hapo nilikuwa fundi mzuri. Nilimwonyesha Mama Rukia, nikamweleza kwamba malori ya zamani kama hilo yana mkondo mmoja tu wa breki. Ukitoboka popote, magurudumu yote yanakosa. Akaniuliza kama litakuwa tayari kesho asubuhi, kwani alikuwa na mbuzi wa kuchukua Muthetheni na wenyewe walikuwa wameshakubaliana. Nikamwambia litakuwa tayari leo.

Duka la spea nililozoea lilikuwa la Musyoka, mtu mpole, mwenye miwani minene na sauti ndogo. Akatafuta, akaniambia paipu ya chuma ya breki imeisha, ataipata Nairobi kesho kutwa. Mimi nikaona ukutani amening'iniza mzingo wa paipu ya shaba. Nikamwambia anikatie mita tano. Akanitazama juu ya miwani.

"Fundi, hii ni ya friji," akaniambia. "Si ya breki. Mimi sijakuambia uiweke huko."

Nikacheka. Nikamwambia auze, ufundi aniachie mimi.

Lazima mjue pia nilijifunza kazi kwa nani, ili mjue kwamba sikufanya kwa kutojua. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Nzioka, aliyejifunza ufundi katika karakana ya serikali enzi za wakoloni. Siku ya kwanza alinipa paipu nipanue mdomo wake kwa kile kifaa cha kushindilia. Nikapanua vizuri, nikamwonyesha. Akauliza nati iko wapi. Nati nilikuwa nimeisahau mezani, na mdomo ukishapanuliwa, nati haipiti tena. Nikakata, nikapanua upya, nikaleta. Akauliza tena nati iko wapi. Gereji nzima ilicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kwa mwezi mzima waliniita Nati.

Lakini alinifundisha. Aliniambia mdomo wa paipu ya breki hukunjwa mara mbili, ukuta juu ya ukuta, kwa sababu mguu wa dereva mwenye hofu unasukuma kwa nguvu ambazo huwezi kuziwazia ukiwa umesimama gerejini. Shaba laini usiiweke. Inachoka kwa mtikisiko, inapasuka bila kukupa habari. Nilikuwa nayajua haya yote. Ningeweza kuyasema nikiwa usingizini.

Na bado nikarudi kwa Mama Rukia na shaba ya friji. Kifaa cha kukunja mara mbili kilikuwa gerejini na sikutaka kukirudia, nikapanua mdomo mara moja tu. Klipu nikaahidi kuziweka siku nyingine. Nikafunga paipu kwa waya. Nikatoa hewa, nikakanyaga pedali, ikawa ngumu kama jiwe. Mama Rukia naye akakanyaga, akatabasamu, akaniletea chai na mahamri. Nilikula manne.

Sasa rudini nami kwenye ile pikapu iliyonijia gerejini, ambayo nilipanda nipelekwe kwenye ajali. Njia nzima sikumwuliza mwenye gari kitu, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa moja na niliogopa jibu lake.

Tulipofika, kitu cha kwanza nilichokiona ni mbuzi. Wengine walikuwa wakila majani kando ya barabara kama hakuna lililotokea, na wengine walikuwa wamelala. Lori lilikuwa limeingiza pua kwenye ukingo wa udongo, upande mmoja umeinuka. Mama Rukia alikuwa ameketi chini, kitambaa kimebanwa kwenye paji la uso, damu imeshuka mpaka shingoni. Yu hai. Niliinama haraka, nikajifanya naangalia chini ya lori.

Baadaye nilielezwa ilivyokuwa. Alianza kuteremka na mzigo wa mbuzi, akakanyaga breki, ikashika. Akakanyaga mara ya pili kwenye kona, pedali ikaenda mpaka chini, kimya. Akavuta breki ya mkono, akarudisha gia, lori likapunguza mwendo kidogo tu. Ilikuwa siku ya soko, na chini ya mteremko akina mama walikuwa wanapanda na mizigo mgongoni, wamejaa barabara. Kushoto palikuwa na ukingo. Alichagua ukingo.

Nikaingia chini ya lori nikaipata paipu yangu. Ilikuwa imepasuka palepale mdomoni, chini ya nati, ufa mzuri wa duara kama umekatwa na msumeno. Nilipokuwa bado nimeishika, nikamsikia Hamisi, mdogo wake Mama Rukia, akiniuliza kutoka nje kimetokea nini. Alikuwa amefika kwa gari jingine.

Nikasema, "Nimeuziwa paipu mbovu."

Nimeshtuka mara nyingi maishani. Nimewahi kuona jeki ikiteleza na gari likishuka mahali nilipokuwa nimetoa kichwa sekunde hiyo hiyo. Lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtushwa na mdomo wangu siku ile. Sikuwa nimepanga. Maneno yalitoka yenyewe, laini, kama vile yalikuwa yamekaa tayari miaka mingi yakingoja siku yao. Hamisi akauliza nimenunua wapi. Nikamtajia, akaichukua ile paipu.

Mama Rukia alipelekwa hospitali akashonwa. Mbuzi tisa walikufa. Kesho yake asubuhi Hamisi alikuja gerejini kunichukua, akaniambia tunakwenda kwa Musyoka, na mimi ndiye shahidi. Mama Rukia alikuwa garini, kichwa kimefungwa bandeji, akanisalimia kwa sauti ya kawaida, akaniuliza kama nimelala. Nikasema nimelala. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Dukani Hamisi alianza kwa upole, kisha upole ukaisha. Aliweka ile paipu juu ya kaunta na kuwaeleza waliokuwa ndani kwamba hii ndiyo takataka inayouziwa watu, na dada yake nusura afe. Habari za ajali zilikuwa zimeshazunguka mji. Watu wa stendi wakaanza kusogea mlangoni, wapakiaji, wauza viatu, hata wasiojua kuna nini. Mmoja nyuma alisema wafanyabiashara wa namna hii dawa yao inajulikana. Mnaijua miji yetu. Mnajua maneno kama hayo huwa yanaishia wapi.

Musyoka hakupandisha sauti. Aliichukua paipu, akaigeuza, akaitambua. Kisha akanitazama mimi.

"Fundi," akasema, "mimi nilikuambia nini?"

Nikatazama kaunta.

Akangoja. Alipoona sisemi, alivua miwani yake taratibu, akaikunja, akafungua droo akaiweka ndani, akaifunga droo. Nilihitaji muda kuelewa anachofanya. Alikuwa anajitayarisha kupigwa, na hakutaka miwani ivunjike.

Ndipo nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, hata watu wa mlangoni wakasikia. Nikawaambia paipu ile ni ya friji, kwamba Musyoka alinikataza, kwamba nilijua, nilijua vizuri sana, na mdomo niliukunja mara moja badala ya mbili kwa uvivu, na klipu sikuweka. Nikasema jana barabarani nilidanganya.

Hamisi alinishika shati hapa kolani, na nilikuwa nimeshafumba macho, nikasikia Mama Rukia akimwambia aniachie. Alitoka akaingia garini. Watu walitawanyika wakininyooshea kidole, na yule aliyesema habari za dawa akapita karibu nami akatema mate. Musyoka akatoa miwani kwenye droo, akaivaa, akaanza kupanga vitu vyake kwenye rafu. Ile paipu alinisogezea kwenye kaunta niondoke nayo.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kazi imekwisha. Nilikuwa na hakika hakuna mtu Machakos atakayenipa hata baiskeli niijaze upepo. Mzee Nzioka, ambaye wakati huo alikuwa ameshazeeka sana, alisikia, akanitumia salamu nimpelekee ile paipu. Nilimpelekea. Akaupapasa ule ufa kwa kidole gumba, maana macho yalikuwa yamefifia, akanirudishia. Afadhali angenitukana.

Lori lilikaa wiki tatu uani kwa Mama Rukia likirekebishwa pua na rejeta na mafundi wengine. Siku moja akaja mtu kuniita. Nilikwenda nikidhani Hamisi ananingoja na rungu. Nilimkuta Mama Rukia peke yake, kovu jipya kwenye paji, amekaa kwenye kigoda kando ya lori. Hapo chini kwenye mkeka paliwekwa paipu ya chuma, klipu, nati na chupa ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa. Musyoka alikuwa ameagiza vyote Nairobi.

"Utaifunga hapa hapa," akaniambia. "Na kila unachofanya utanieleza, na sababu yake."

Sijawahi kufanya kazi polepole namna ile. Niliinua lori nikaweka magogo chini ya ekseli, nikamweleza kwamba jeki ni ya kuinulia tu, si ya kutegemea. Nikafuta uchafu kwenye viungo kabla ya kufungua, nikamweleza kwamba chembe moja ya mchanga ikiingia ndani inakula mipira inayozuia mafuta yasivuje. Nilipima njia ya paipu kwa kamba, nikifuata kila kona yake. Nilimwonyesha nati nikaiingiza kwanza, nikamsimulia habari za jina langu la zamani, na hakucheka. Nikakunja mdomo mara moja, nikamwonyesha ulivyo mwembamba. Nikakunja mara ya pili, nikamwekea mkononi apapase tofauti. Aliushika muda mrefu.

"Huu wa pili unachukua muda gani?" akauliza.

Nikamwambia kama dakika mbili.

Alinirudishia paipu.

Tulitoa hewa pamoja, yeye juu kwenye pedali, mimi chini na mrija na chupa. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi, unasogea karibu. Nasema kanyaga, anakanyaga. Nafungua, mafuta yanatoka na mapovu. Nafunga, nasema achia. Mafuta yaliyotoka hayarudishwi, hata yakiwa meupe kama maji. Yalipokuja bila povu hata moja kwa magurudumu yote, nilimwambia sasa akanyage kwa nguvu zake zote na ashikilie, asiachie mpaka nimwambie. Nikachukua karatasi nyeupe ya daftari nikafuta kila kiungo, kimoja kimoja, nikamletea karatasi aione. Ilikuwa kavu. Huenda kipimo hicho kingenionyesha ubovu wa kazi yangu ya kwanza siku ile ile, kabla ya chai.

Nilidhani imekwisha. Akaniambia nipande garini.

Tulikwenda barabara ya Mwala, yeye kwenye usukani. Tulipanda ule mteremko, akageuza lori juu, akasimama. Mimi nilikuwa upande wa abiria, na upande wa abiria hauna pedali. Akaanza kuteremka. Ile kona ikaja. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu tupu, unakanyaga kweli, mpaka msuli wa paja ukakaza. Nilijua kila kiungo cha ile paipu, nilikuwa nimekifuta kwa mikono yangu, lakini mwili wangu haukuamini hata kidogo. Nikaona ule ukingo, bado una alama ya bampa kwenye udongo.

Akakanyaga breki. Lori likapunguza mwendo, likasimama sawasawa, kando kabisa ya ile alama.

Akazima injini. Akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akainamia, akalia. Alilia kwa muda, mabega yanatikisika, na mimi nikiwa nimekaa pale sijui nitazame wapi. Tangu siku ya ajali hakuna aliyekuwa amemwona akitoa chozi, wala hospitali alikoshonwa, wala pale dukani. Nilikuwa nimeanza kudhani hakuogopa.

Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya mtandio, akaniambia kwamba siku ile, pedali ilipoenda chini, kitu alichofikiria ni kwamba amekosea yeye. Kwamba mguu wake umekanyaga pabaya. Aliangalia chini kutafuta breki, na alipoinua macho ndipo alipowaona wale akina mama. Kwa wiki tatu alikuwa akijiuliza kama angewaona mapema kidogo iwapo asingeangalia chini.

"Nilikuwa nakuamini wewe kuliko mguu wangu," akasema.

Nimesikia mengi katika kazi hii, vijana. Hilo ndilo linalousimamisha mkono wangu nikiwa nakula.

Aliendelea kuniita. Watu walimshangaa, nami nilimshangaa. Kwa Musyoka nilikwenda mwenyewe, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake, akanipokea, lakini tangu siku hiyo kila nikinunua kitu ananiuliza ninakwenda kukiweka wapi, na sikuwahi kukasirika. Na Mama Rukia, kwa miaka yote aliyobaki na lile lori, hakuliondoa uani asubuhi hata mara moja kabla ya kujifunga leso kiunoni, kuchukua tochi na karatasi nyeupe, na kuingia chini mwenyewe. Siku nilizokuwapo nilisimama kando na kungoja. Akitoka alinipa ile karatasi niitazame, nami niliitazama pande zote mbili.